Mkunga Aliyetangazwa Bwera

Mume wangu alipokuwa mbunge, watu wa upande wetu hawakuwa wakingoja gazeti. Magazeti yalifika Kasese kwa treni yakiwa yamepitwa na siku, tena yaliandikwa kwa Kiingereza au Kiganda, na wengi kule milimani na mpakani hawakuzisoma lugha hizo. Habari za serikali walizipata kinywani mwake. Kikao cha Bunge kikiahirishwa, alishuka stesheni na mkoba wake, akalala nyumbani, na asubuhi akapanda pikapu yake kuukuu kuanza mzunguko. Kabatoro alizungumza na watu wa chumvi, Nyakalengija na wakulima na wapagazi wa mlimani, kisha akamalizia Bwera siku ya soko. Alisimama nyuma ya pikapu na kipaza sauti cha bati, akasema kwa Lhukonzo, lugha ya watu wa milimani, halafu akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wafanyabiashara na wakimbizi waliotoka Kongo. Barabara fulani itachongwa. Mbegu za pamba zimefika ghalani. Shule fulani imepata mwalimu.

Kiswahili chake nilimfundisha mimi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alikuja nayo kutoka upande wa Kisumu ilipokuwa ikijengwa, tukakaa katika nyumba za wafanyakazi pale Kasese, na lugha ya uani kwetu ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo habari zile nilizisikia kabla ya wapiga kura wote, mezani kwangu, akizifanyia mazoezi huku anakula. Nilimsahihisha, akacheka, akakosea palepale tena.

Habari ya mkunga aliifanyia mazoezi kuliko zote, maana alikuwa ameihangaikia wizarani kwa muda mrefu. Zahanati ya Bwera ilikuwa na mganga msaidizi mmoja, mwanamume wa makamo, mpole, lakini wanawake hawakutaka kujifungua mbele yake. Wengi walizalia nyumbani. Wale wa Kongo, hasa Wakatoliki kutoka Beni na Butembo, walikuwa wakivuka mpaka kurudi kujifungua kwa masista wa misheni, ingawa siku zile kulikuwa na mapigano kule na mtu hakujua njiani atakutana na nani. Hatimaye wizara ikakubali kutoa mkunga. Mume wangu akasimama sokoni Bwera, akatangaza kwamba soko lijalo mkunga atakuwa amefika, na mama yeyote mwenye mimba asijisumbue kwenda mbali. Aliniambia wanawake walipiga vigelegele mpaka akashindwa kuendelea. Walimpa mbuzi. Tulimla yule mbuzi Jumapili na wageni.

Wakati huo na mimi nilikuwa mjamzito, nimebakiza kama mwezi. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili, ya pili ikiwa kubwa kabisa, mtoto nimeshamsikia akicheza. Hospitali ya mgodi kule Kilembe haikuwa mbali nasi, lakini mvua zilikuwa kubwa, mto Nyamwamba ulikuwa ukijaa na kula barabara, na magari yakikwama siku nzima. Mume wangu, ambaye hakuogopa kubishana na mawaziri, aliuogopa mto ule. Kila asubuhi alitoka kwenda kuutazama.

Mkunga alifika kwa treni. Alikuwa msichana kutoka Buganda, mrefu, mwenye sanduku la bati na mwavuli mweusi, na sote tukamwita musawo kama wanavyoitwa waganga kwao. Mume wangu alimpokea stesheni kama ilivyompasa mbunge, akamleta nyumbani ale na apumzike. Asubuhi akamwambia njia ya Bwera ni mbaya, asubiri kidogo, na katika kusubiri amtazame mama. Musawo alinipima tumbo kwa macho, kisha kwa mikono, akasema mtoto amekaa vibaya kidogo lakini huenda akageuka. Neno hilo lilimtosha mume wangu. Siku ya soko la Bwera ikapita, musawo bado yuko kwetu. Likapita na soko lililofuata.

Nilijua musawo alikuwa ametumwa Bwera. Nisiseme kwamba sikujua. Nilimwuliza mume wangu mara moja tu, tukiwa mezani, na akanijibu bila kuinua macho.

"Bwera wamengoja miaka. Watangoja kidogo tena."

Sikuuliza tena. Nilikuwa nimeanza kulala vizuri. Katika chumba cha pili kulikuwa na mtu ambaye mikono yake inajua kazi, nikimsikia akikohoa moyo wangu unatulia. Nilimpikia matoke ya kwao kwa mchuzi wa karanga, nikafurahi alipokula akamaliza.

Uchungu ulinishika asubuhi moja yenye jua kali. Mtoto alikuwa amegeuka mwenyewe. Katikati ya maumivu nilisikia malori ya mgodi yakipanda kuelekea Kilembe, moja baada ya jingine, bila kukwama, na nikaelewa kwamba mto ulikuwa umeshuka na barabara iko wazi. Tungeweza kwenda hospitali kwa gari kama mtu yeyote. Sikusema. Mchana nikazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mume wangu alilia mlangoni na hakujificha.

Musawo alikaa mpaka alipoona naweza kusimama, kisha dereva akampeleka Bwera, na mume wangu akarudi Kampala kwenye kikao. Hawajafika mbali homa ikanipanda, na maziwa yakakauka. Mama yangu alinikanda, akanipa uji wa mtama, supu ya kuku, majani ya kila namna. Hayakurudi. Tulinunua maziwa ya kopo kwa Mhindi, mtoto akayatapika, kisha akaanza kuharisha. Alikuwa amefikia kulia bila sauti nilipomtuma dereva Bwera kwa musawo, naye akarudi na ujumbe wake. Alisema yuko mama mmoja pale aliyefiwa na mtoto, maziwa yamemjaa na yanamuumiza, amekubali kunyonyesha. Nimlete mtoto upesi.

Nilikwenda siku hiyohiyo nikiwa na homa, mtoto kifuani.

Nyumba ya yule mama ilikuwa nyuma ya soko, ya udongo, bati juu, rozari ukutani na magunia ya maharage mpaka dirishani. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo. Yeye na mumewe walikuwa wamekimbia mapigano mwaka uliotangulia, na sasa mumewe alikuwa akivusha mizigo kwa baiskeli, yeye akiuza maharage kwa vipimo. Alikuwa rika langu. Hakuniuliza jina wala safari. Alimpokea mtoto, akaketi kwenye kigoda, akajipangusa titi kwa kitambaa cha maji moto, akampa. Mtoto alinyonya mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mimi nikalia, na yeye akaniambia polepole:

"Usilie, mama. Hii maziwa ilikuwa inaniumiza."

Nilikaa kwake majuma kadhaa. Nilimpikia ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani yake, nikafua, nikachota maji, na yeye akienda sokoni mtoto alikwenda naye mgongoni, mimi nikifuata nyuma na mwavuli. Watu wakidhani mtoto ni wake walimsalimu kwa furaha, kisha wakakumbuka, wakanyamaza. Nilikuwa natembea nyuma yao nikitamani ardhi inifiche, na wakati huo nilikuwa bado sijajua lolote.

Siku moja, tukichambua maharage mlangoni, nilimwuliza kuhusu mtoto wake. Alinieleza bila kusimamisha mikono. Alikuwa mvulana. Alitanguliza miguu. Wanawake wazee walifanya walichoweza, mmoja akawahi kumbatiza kwa maji ya kikombe. Yeye alikuwa amekwisha kufunga mizigo ya kwenda kwa masista upande wa Beni, mumewe amepata watu wa kusafiri nao, ndipo akamsikia mheshimiwa sokoni akisema akushezi anakuja. Mkunga yeye alimwita hivyo, kwa neno la Kifaransa. Basi akafungua mizigo. Alikwenda zahanati soko la kwanza, akaambiwa bado. Akaenda soko la pili, bado. Baada ya hapo uchungu ukamkuta nyumbani.

Mikono yangu ilikuwa imejaa maharage, nami sikujua niyaweke wapi. Nilihesabu kichwani siku zile nilipokuwa nikila na musawo mezani, na hesabu haikunipa pa kutokea. Nilisema nakwenda kumwona musawo kwa ajili ya homa.

Musawo alikuwa akichemsha mikasi. Nilimwuliza kama yule mama anajua mkunga alikuwa wapi. Aliniangalia kwa mshangao kidogo.

"Nilimwambia siku niliyofika," alisema. "Aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia. Ningemwambia nini kingine? Na nilipompa habari za mtoto wako anayekufa njaa, nilimwambia pia ni mtoto wa nani."

Kumbe siku ile alipompokea mwanangu kwenye kigoda alikuwa anajua kila kitu. Nilirudi kwa yule mama. Alikuwa amelala ubavu, mtoto pembeni yake, wote wawili nusu usingizini. Nilipiga magoti chini nikamwambia kwamba nimetoka kwa musawo na kwamba sasa na mimi najua. Nikamwuliza aliwezaje kumchukua.

"Mutoto hakuzuia mutu kuja," alisema. Kisha akainuka, akajifunga kitenge vizuri. "Lakini bwana yako alisema mu soko, mbele ya watu wote. Arudi pale pale, aseme na hii ingine."

Nilimtuma dereva akamngoje mume wangu stesheni. Mume wangu alikuja kikao kilipoisha, moja kwa moja kutoka stesheni, na suti ya Kampala bado mwilini. Alileta kitenge, sukari na sabuni. Yule mama alivipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaviweka karibu na mlango, na pale vikakaa. Mume wangu alimwomba radhi kwa Lhukonzo, ambacho hakitofautiani sana na Kinande cha kwao, kwa hiyo walielewana wakati mimi nilishika maneno machache tu. Alizungumza sana. Nilimwona akishika magoti yake mwenyewe. Alipomaliza, mama yule akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, neno moja tu:

"Sokoni."

Siku ya soko nilikaa mbele ndani ya pikapu, mtoto mapajani. Alianza na barabara, akaja kwenye bei ya pamba, akaja kwenye mabati ya shule, na nikafikiri ataishia hapo. Kisha akashusha kipaza sauti, akasema kwa sauti yake ya kawaida, kwanza kwa lugha yao, halafu kwa Kiswahili ambacho safari hii hatukukifanyia mazoezi.

"Mkunga alifika Kasese mapema. Nilimweka nyumbani kwangu, kwa sababu ya mke wangu. Amekuja kwenu amechelewa, na mama mmoja hapa amepoteza mtoto. Kosa ni langu. Si la mvua, si la barabara."

Nilimshukuru Mungu kwamba amesema, na nilijiandaa kwa matusi. Nilifikiri huenda watampiga mawe, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka wampige.

Mzee mmoja aliyevaa koti refu, mkulima wa pamba aliyejulikana pale, akanyanyua mkono. Alisema mume gani mwenye akili angemwacha mkunga apite mlangoni kwake wakati mke wake ana mimba ya shida. Akasema kiongozi anayekiri mbele ya watu yeye hajapata kumwona. Halafu akauliza kama mama alijifungua salama. Mume wangu akaitikia. Wakataka kumwona mtoto. Mlango wa pikapu ukafunguliwa, mikono ikamchukua mwanangu kutoka mapajani mwangu kabla sijajua la kufanya, akainuliwa juu, na wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akamwuliza mume wangu kuhusu dawa ya wadudu wa pamba. Watu wakacheka, wakasogea karibu, wakampa mkono. Walimpenda kuliko walivyompenda siku ya kutangaza.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya gari, na juu ya vichwa vyao niliiona meza yake ya maharage. Hakuwa akitazama upande wetu. Alikuwa na mteja. Alijaza kipimo, akakipangusa juu kwa kiganja kiwe sawa, akamwaga katika mfuko wa yule mteja, akajaza kingine.

Tuliporudi garini uso wa mume wangu ulikuwa umepata nafuu. "Watu wamenisamehe," alisema.

"Waliokusamehe hawakufiwa," nilimwambia.

Alishika usukani, gari limezimwa, kwa muda mrefu.

Jioni nilirudi na mtoto kwa yule mama kama kawaida. Alimweka titini, akamtengenezea kichwa vizuri.

"Walifurahi sana," alisema. "Mutoto yako ni muzuri."

Basi. Hakulizungumza tena, na mimi sikupata ujasiri wa kulifungua. Alimnyonyesha mpaka mtoto akaweza uji, na tulipoondoka alimfunga kamba nyeusi kiunoni kumkinga na macho mabaya, akanisindikiza mpaka barabarani. Vile vitu vya mlangoni aliwagawia majirani, nilikuja kusikia.

Mume wangu alibadilika. Kuanzia hapo, popote aliposimama kutoa habari alianza na yale yaliyoshindikana. Alisema daraja halitajengwa mwaka huu. Alisema dawa zilizoahidiwa hazikuja, naye hajui zitakuja lini. Watu hawakufurahia sana, walikuwa wamezoea kurudi nyumbani na kitu cha kungojea. Nyumbani hatukula tena mbuzi wa zawadi. Alikuwa akiwarudisha, na wengine walikasirika kwa kurudishiwa. Mimi nilikuwa nikimtazama nikafikiri kwamba analipa, lakini halipi kule anakodaiwa.

Kisha jeshi likachukua nchi, Bunge likafungwa, naye akawa mkulima kama wengine. Watu waliendelea kuja barazani kwetu kuomba msaada, kwa woga, mmoja mmoja. Askari nao walikuja kuuliza wale wageni wanafuata nini, akawajibu, "Hakuna kitu, afande, ni jamaa," na baada ya siku kadhaa wageni wakapungua. Sabuni, chumvi na sukari zikaadimika Kasese, zikawa zinapatikana Bwera kutoka ng'ambo. Hivyo nikawa nakwenda Bwera mara kwa mara, na kila mara nilinunua kwake. Alikuwa amepata watoto wengine wawili, wote mikononi mwa musawo yuleyule. Aliniuzia kwa bei aliyowauzia wote. Aliuliza habari za mtoto, nikamjibu, akasema aksanti, akageukia mteja mwingine.

Mara moja nilimpeleka binti yangu. Alikuwa ameanza shule, meno ya mbele yameng'oka. Yule mama alimshika kidevu, akamtazama kwa muda, akampa ndizi mbivu. Njiani binti yangu akaniuliza yule ni nani. Nilimwambia ni mama aliyemnyonyesha nilipokuwa mgonjwa. Akauliza mtoto wake yuko wapi, aliyekuwa na maziwa yake. Nilimwambia alifariki. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Nilimweleza yote alipokuwa mtu mzima, baba yake akiwa hai na amekaa palepale akisikiliza, na alilia, akatoka nje, na kwa mwezi mzima hakuja kwetu.

Karibu na mwisho wa miaka ile ya sabini, yule mama aliniambia mezani kwake kwamba wanarudi Butembo. Mumewe amepata kiwanja cha duka, na huku hali inazidi kuwa mbaya. Nilimpa mkono nikamtakia heri, kisha nikamwuliza kitu ambacho miaka yote sikuwahi kumwuliza, kwamba mtoto alizikwa wapi.

Alimwachia bintiye meza, akanipeleka nyuma ya kanisa la Wakatoliki. Hapakuwa na msalaba, palikuwa na jiwe la mtoni na majani marefu. Aliinama akaanza kuyang'oa. Nikainama upande wa pili. Tuling'oa mpaka udongo ukaonekana. Alipomaliza akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Sasa hakuna mutu wa kupalilia," alisema.

Hakuniomba. Lakini toka mwaka ule, kila nikienda Bwera nashuka hapo kwanza na jembe dogo. Mwanzoni mume wangu alikuja nami, akabaki ameshika kofia huku mimi napalilia, mpaka miguu yake ikakataa safari. Katekista mpya alinikuta siku moja akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nilimwambia ni mtoto wa rafiki yangu aliye Butembo. Akaniombea pale, akaenda zake. Nilibaki nimechuchumaa na jembe mkononi, nikiona haya, kwa sababu neno rafiki yeye hakuwahi kunipa. Nimelichukua mwenyewe.